Gitaa Lililofungwa Kaniki

Hadithi hii nilipewa na babu yenu Dena, Mungu amrehemu, na yeye hakusimuliwa na mtu, ilimkuta mwenyewe. Nilikuwa nawangojea mkue kidogo. Lakini leo mchana Mapenzi kachukua mti wa ufagio akakichokoa kile kifurushi cha kaniki kilichoko juu ya kabati langu, na mimi niko uani nachambua mchicha, nikasikia. Mapenzi, hebu waambie wenzako, ulisikia nini?

Ehe. Kama uzi umechapwa. Mara moja tu, kisha ukaendelea kulia.

Haya, sogeeni. Kambi, toa miguu yako kwa mwenzio. Mlango uacheni hivyo hivyo.

Babu yenu alinioa mwaka wa themanini na sita, nikakikuta kifurushi hicho kwake, juu ya kabati hilo hilo. Nikadhani ni nguo za marehemu mama yake. Akaniambia, "Hannah, hicho usikifungue, usikihamishe, na usiniulize." Nikakaa miezi minane sijauliza. Mimi huyu mnayenijua! Hata siku moja wakaja wenzake wa bendi yao ya zamani, Laban mpiga ngoma, mtu wa Kaloleni, na wengine wawili. Wakakaa hapo barazani, mimi nawakaangia mahamri, wakaanza maneno yao ya wapiga muziki, kila mtu anakumbuka gitaa lake la kwanza la umeme.

Laban akasema, "Mimi la kwanza nililigusa kwa wamisheni. Nimeambiwa ukilishika na majimaji linakuua. Basi nikavaa kandambili za mpira mpaka kanisani, padri ananitazama miguu."

Mwingine akasema, "Mimi langu nililala nalo kitandani. Mke wangu akaenda kwao."

"Akarudi?"

"Akarudi. Akakuta bado niko nalo, akaondoka tena."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu Laban akamgeukia babu yenu. "Na wewe Dena, wewe ulikuwa wa besi, lakini lile jekundu la Mahadhi si ndilo la kwanza wewe kulipiga..." Hakumaliza. Hamri la babu yenu lilibaki hewani, halikwenda mdomoni wala halikurudi sahanini. Wote wakatazama chini. Muda si muda wakaaga, na chai yao haijaisha.

Hapo ndipo akaniita ndani akanikalisha kitandani, akanionyesha kile kifurushi kwa kidevu, si kwa kidole, akanisimulia. Nami nawasimulia alivyonisimulia.

Huyo Mahadhi alikuwa kijana wa Shela, pale Malindi mjini, mtoto wa watu waliotoka visiwani zamani. Mke wake akiitwa Zuleikha, mwanamke mcheshi, mwepesi wa miguu, harusi ikipigwa ngoma yeye ndiye wa kwanza kuinuka. Walikuwa na miaka miwili katika nyumba yao, chumba kimoja na ua. Bendi yao ilipiga harusi: Mahadhi gitaa, Dena besi, Laban ngoma.

Mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa ya mahindi ya njano, Mahadhi akaenda Mombasa akarudi na gitaa lake la kwanza la umeme. Jekundu kama tembe za komamanga. Na spika lake, sanduku zito, watu wawili kulibeba. Akalisimamisha pembeni mwa kitanda.

Zuleikha akalitazama. "Umeniletea mke mwenza."

"Huyu hali, Zuleikha."

"Hali, lakini kelele zake zitatuhamisha mtaa."

Basi ikaja harusi kubwa kwa kina Muhdhar, na Mahadhi akataka wimbo ambao watu wa Malindi hawajapata kuusikia. Akamsumbua Dena siku nzima. "Nyinyi watu wa bara huko mna nyimbo nyingi. Nipe mmoja."

Na Dena akampa.

Sasa sikilizeni vizuri. Babu yenu alilelewa Vitengeni, kwa bibi yake mzaa baba, akiitwa Kahonzi. Yeye akimwita hawe, maana ndivyo Wagiriama tunavyomwita bibi. Hawe Kahonzi alikuwa akipunga pepo. Mtu akiugua ugonjwa usiojulikana, huletwa kwake, na nyimbo zake ni mbili. Kuna wa kuita. Pepo akiusikia huja akampanda mgonjwa kichwani, na yule mgonjwa ndiye kiti chake. Huulizwa anataka nini, akapewa. Halafu kuna wa kuaga, ndio unaomrudisha kwao. Dena alipokuwa mdogo akikaa miguuni pa hawe anausikia ule wa kuita. Pepo akishapanda, watoto huambiwa, haya, nendeni mkalale. Kila mara. Kwa hiyo Dena alikua anaujua wa kuita mpaka ndani ya mifupa, na wa kuaga hakuwahi kuusikia hata siku moja.

Hakumwambia Mahadhi. Alisema tu, "Ni wimbo wa kwetu." Aliona utamu wake, na lile gitaa aliliona zuri, na ujana nao.

Siku ya harusi, baada ya alasiri, wakalipandisha spika darini, nao wakakaa huko huko juu, ili mtaa mzima usikie. Mahadhi akaupiga ule wimbo, Laban akautia mwendo wa kuchezeka. Babu yenu alisema hajapata kusikia sauti namna ile. Ilipita juu ya mapaa, ikapita msikiti, ikapita minazi, ikaenda. Wanawake wakapiga vigelegele. Zuleikha wa kwanza kuinuka, leso kiunoni, anacheza anacheka.

Katikati ya wimbo umeme ukakatika.

Watu wakapiga kelele za kulalamika, kama kawaida. Kipaza sauti kikafa palepale. Besi ya Dena ikafa. Lakini lile gitaa halikufa. Uzi uliendelea kulia ndani ya spika, na mkono wa Mahadhi uko mbali na nyuzi, mtu angehesabu mpaka tano. Ndipo ukanyamaza.

Mahadhi akacheka. "Umeme umebaki ndani ya waya, kama maji kwenye mpira."

Dena hakucheka. Alikuwa anatazama chini, penye wanawake. Wote wamekaa kungoja umeme. Zuleikha peke yake kasimama katikati, mkono kooni, kageukia upande wa bahari kama mtu aliyeitwa jina.

Siku mbili hazikuwa na neno. Ya tatu yake, Jumanne, saa sita ya mchana, jua la utosi, Zuleikha anasonga ugali wa yale mahindi ya njano, akaita kutoka uani.

"Mahadhi, zima spika lako."

"Limezimwa."

"Basi mbona linapumua?"

Mahadhi akainuka kitandani. Spika limekaa pembeni, gitaa limeegemezwa hapo, na waya umekunjwa sakafuni vile vile alivyoukunja mkewe alipofagia. Akatega sikio kwenye kile kitambaa cha mbele. Ndani kunapumuliwa. Polepole, kwa uzito, kama mtu aliyepanda mlima akakaa kupumzika. Na kuna harufu. Mwani mkavu, na mavi ya popo, harufu ya pangoni, na juu yake udi kidogo, kama mtu aliyejifukiza ili aje kwa watu.

"Panya," Mahadhi akasema.

"Panya gani anapumua kama mtu mzima?" Zuleikha kaja mlangoni na mwiko mkononi. Akasikiliza. Uso ukabadilika. "Mahadhi," akanong'ona, "linapumua pamoja na mimi."

Akazuia pumzi, na spika likazuia. Akaiachia, na spika likaachia. Akajaribu tena, taratibu, macho kayatoa, na safari hii likazuia spika kwanza.

Na pumzi ya Zuleikha ikafungika.

Mwiko ukaanguka. Akashika koo, akapiga ukuta kwa kiganja, midomo ikaanza kuwa ya kijivu, na Mahadhi kwa kutojua la kufanya akalipiga teke lile spika, akalinyakua gitaa aliondoe pale, na vidole vyake vikagusa nyuzi. Zikalia. Zikalia ndani ya spika, na waya haujachomekwa popote. Zuleikha akavuta pumzi moja, kama mtu aliyetolewa kisimani. Sauti ikaisha, pumzi ikafungika tena. Mahadhi akapiga. Akavuta. Akapiga wimbo wa harusi wanaoujua wote, na mkewe akaanza kutapatapa. Akapiga ule wa Dena, na mkewe akakaa chini akapumua vizuri, machozi yanamtoka.

Ule tu. Ndio aliokubali huyo aliyekuwa ndani ya spika.

Kesho yake asubuhi Dena akaenda kuuliza mbona Mahadhi hakuja mazoezini. Mlango u wazi. Akapiga hodi, akasikia, "Karibu," sauti ya chini. Akaingia akawakuta. Mahadhi kakaa ukingoni mwa kitanda, gitaa mapajani, anapiga. Vidole vimepasuka, lile jekundu limezidi kuwa jekundu. Zuleikha yuko mbele yake kwenye mkeka, anamlisha uji kwa kijiko, kwa sababu mikono ya mumewe haina nafasi. Aboud, kaka yake Mahadhi, kasimama pembeni na kata ya maji anamlowesha kichwa asisinzie.

"Usiseme kwa sauti," Aboud akanong'ona. "Linasikiliza."

Dena akatazama ukutani, kwenye tundu la umeme. Hakuna kitu kilichochomekwa.

"Tangu jana adhuhuri," Mahadhi akasema. "Nikiacha, anakufa."

"Mwondoeni hapa! Mpelekeni hospitali!"

"Tumejaribu," Aboud akasema. "Akifika kizingitini pumzi inakatika, gitaa lipigwe lisipigwe. Nimelivuta na hilo spika, halitoki sakafuni. Hilo tulilolibeba watu wawili! Nikamleta mwalimu wa chuo cha Kurani akamsomea, roho ikamtulia kidogo. Lakini alipotoka aliniambia, Aboud, huyu hakuja kwa uadui. Huyu kaitwa. Aliyemwita na amuage."

Dena akajua huyo ni yeye.

Zuleikha akamtazama kwa yale macho yaliyochoka, akajaribu mzaha, maskini. "Shemeji, nilimwambia huyu ni mke mwenza. Unaona ananinyima hata pumzi."

Na hapo hapo, paa! Uzi ukakatika. Zuleikha akagutuka, akakohoa, pumzi ikapungua, ikawa nyembamba kuliko kwanza.

"Huo wa pili," Mahadhi akasema. Hakuinua macho. "Zimebaki nne. Dena, zikiisha?"

Kubadilisha uzi ni lazima uache kupiga. Mpiga gitaa yeyote anajua. Dena alitoka pale bila kuaga, akatafuta gari. Lilikuwapo lori moja lililokuwa likipeleka mahindi ya njaa upande wa Ganze, akalidandia mpaka Vitengeni.

Alimkuta hawe Kahonzi anabangua korosho mbele ya nyumba, mzee sana, mgongo umepinda.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba. Mbona umekuja bila viatu?"

Hata yeye hakuwa ameona. Akapiga magoti akamweleza yote, na bibi hakuacha kubangua mpaka aliposikia la spika. Hapo akaweka jiwe chini.

"Ngoma yangu," akasema, "inafika kisimani kwa jirani, si zaidi. Wanaokuja ni wa hapa hapa, nawajua mmoja mmoja. Kuna anayetaka kahawa, kuna anayetaka kitambaa chekundu, wakishapewa wanakwenda. Lile sanduku lenu lilifika wapi, Dena?"

"Mbali, hawe."

"Basi amekuja wa mbali. Na wimbo mliukata?"

"Umeme ulikatika. Na hata usingekatika, wa kuaga mimi siujui. Mlikuwa mkitupeleka kulala."

Yule bibi akajipangusa maganda ya korosho. "Kweli," akasema. "Tulikuwa tukiwapeleka kulala." Akainuka akaenda kuchukua ngoma yake.

Magari yalikuwa shida mwaka ule. Walifika Malindi Alhamisi, alasiri inaadhiniwa. Nyuzi zimebaki mbili. Mahadhi si wa kutazamwa. Kichwa kimelala kifuani, kasinzia na macho wazi, na vidole vinakwenda, vinakwenda, na Dena akaona kwa hofu kwamba vile vidole si Mahadhi anayeviendesha. Aboud akamnong'oneza, "Toka jana usiku viko hivyo. Nimemwambia apunguze mwendo, hawezi. Hawezi kupiga kingine hata akitaka."

Hawe Kahonzi akaingia, akanusa. Akakaa sakafuni mbele ya spika, akaifunika miguu yake kwa kaniki, akaipiga ngoma yake kwa vidole tu, polepole, akauliza, "Hodi mgeni. U nani?"

Ikajibu. Ilikuwa sauti ya Zuleikha, yenyewe kabisa, na ilitoka ndani ya spika, na Zuleikha mwenyewe yuko pale kwenye mkeka kafumba mdomo kwa mikono miwili anatikisa kichwa, si mimi, si mimi.

"Sikuitwa na ngozi ya ngoma," ikasema. "Niliitwa na waya. Nilikuwa nimekaa kwangu. Nani kaniita?"

Zile nyuzi mbili zinalia tu.

"Ni mimi," Dena akasema. "Niliutoa wimbo wa hawe nikampa huyu, sikumwambia ni wa nini. Yeye hana kosa. Mkewe hana kosa."

Mahadhi akainua kichwa akamtazama. Babu yenu aliniambia afadhali angemtukana.

Hawe akaisukuma ngoma pembeni. Akamwambia Dena kwa Kigiriama, chini chini, "Ngoma yangu haitafaa. Ataagwa na sauti iliyomwita. Huyu kijana vidole si vyake tena. Wewe ulichukue. Lakini sauti isikatike katikati, ukiikata utamkata na mwanamke."

Wanangu, mmeona mtu anavyompokea mtoto mchanga mikononi mwa mwenziwe, mkono huku na mkono huku, asiamke? Dena akapanda kitandani nyuma ya Mahadhi, akapitisha mikono chini ya kwapa zake, kifua chake kimegusana na mgongo wa mwenzake na anausikia moyo wake unavyokimbia, akaanza na mkono wa kushoto, kidole kimoja pembeni ya kidole, akikandamiza uzi pale pale mwenzake alipoukandamiza, akingoja, kisha Aboud anakibandua kidole cha Mahadhi kwa nguvu kama unabandua chaza mwambani, na kingine, na kingine, na damu inateleza, na wakati wote ule mkono wa kulia unachapa tu, unachapa, mpaka Dena akausoma mwendo wake, akauingilia, wakachapa pamoja mikono miwili kama mmoja, na Zuleikha anapumua juu juu, macho kwa mumewe, na hapo walipomtoa Mahadhi mkono wa mwisho uzi mmoja ukakatika, paa, ukamchana Dena shavu, na akabaki na uzi mmoja tu, na akahisi kitu baridi kinaingia katika ncha za vidole vyake kinapanda, kwenye viganja, kwenye viwiko, kinataka kujua huyu naye ni nani.

"Nifuate," hawe akasema. "Kabla hakijafika begani."

Akaanza kuuimba wa kuaga. Sauti ya kizee, imekwaruza, neno moja moja. Babu yenu akaufuata kwa uzi mmoja. Mara ya kwanza maishani mwake kuusikia, na alitakiwa aupige bila kukosea. Ule wa kuita unapanda. Huu unashuka, unashuka kama mtu anayetelemka ngazi na kushika ukuta. Baridi ikasimama kwenye viwiko. Harufu ya pango ikapungua.

Halafu lile spika likalia. Si kwa kelele. Likalia kwikwi, kwa sauti ile ile ya Zuleikha.

"Siijui njia," ikasema. "Wimbo ulikatwa nikiwa njiani. Nilikotoka sikuoni, na nilikoitwa hakuna kiti changu. Nimeingia kwa huyu mwanamke kwa sababu ndiye aliyesimama. Nikitoka kwake nitakaa wapi?"

Hawe Kahonzi alikuwa amewapunga watu miaka hamsini. Hilo hakuwahi kuulizwa. Akasema, "Kaa hapo hapo penye sauti. Hicho chekundu ndicho kiti chako."

"Ni cha mbao. Ni baridi."

"Kina damu ya vidole vya mtu."

Dena anachapa uzi wake mmoja, jasho linamwingia kwenye jeraha la shavu.

"Nitakaa," ikasema. "Lakini nisiachwe peke yangu. Nimetembea peke yangu vya kutosha. Siku nyumba itakapokuwa tupu, nitainuka nimtafute mwenye pumzi."

"Atakaa na mimi," Dena akasema. Hakungoja mtu amtume.

Wakaumaliza wimbo mpaka neno la mwisho. Hawe akamwekea Dena mkono juu ya vidole, uzi ukanyamaza. Wote wakamtazama Zuleikha. Akafumba macho. Kifua hakikwenda. Mahadhi akatambaa mkekani kwa viwiko, mikono kaiinua, haiwezi kushika kitu. Na Zuleikha akavuta pumzi, ndefu, yake mwenyewe, akamwambia, "Njoo. Uji umepoa."

Hawe aliifua kaniki yake kwa maji ya marashi, akalifunga gitaa. Akamwambia Dena, "Huyu hakwenda kwao. Kahama tu. Usije ukasema tumemtoa."

Mahadhi na mkewe walihama Malindi wakaenda kukaa Kuruwitu, wakazaa watoto wanne. Vidole vyake vya kushoto havikunyooka tena, vilibaki vimejikunja vile vile, kama vimeshika shingo ya gitaa. Walikuwa wakija hapa wote wawili. Zuleikha aliingia akakaa jikoni na mimi. Mahadhi aliishia barazani, hakuvuka kizingiti hata siku moja.

Na babu yenu? Mlidhani kwa nini nyumba hii haijapata kufungwa? Mmepata kuniona na ufunguo? Alipokwenda kuzika Vitengeni, mimi nilibaki. Dada yangu alipokufa, nilikwenda nikalia saa moja, nikarudi, watu wakanisema. Mama yenu kila Disemba ananiambia, njoo Mombasa mama upumzike, na nyinyi mnauliza mbona bibi haji. Ndio hayo. Tangu babu yenu afe miaka sita sasa, aliyebaki ni mimi, na nikienda sokoni, Kambi, wewe unayekaa na mimi, mbona nakuambia ukae ndani usitoke mpaka nirudi? Ulidhani nakuonea.

Gitaa sikulichoma kwa sababu atakuwa hana kiti. Sikulitupa baharini kwa sababu atakuwa peke yake. Wakati mwingine mchana kukiwa kimya namsikia anapumua, nami namwambia, nipo, nipo hapa.

Ila hili la leo ndilo limenifanya niseme. Ule uzi mmoja uliobaki, babu yenu aliutoa mwenyewe kwa koleo kabla hawe hajalifunga gitaa kwa ile kaniki. Uko kwenye kopo langu la sindano, nendeni mkautazame kesho. Juu ya kabati hakuna uzi hata mmoja. Sasa Mapenzi alichapa nini?

Basi. Imekwisha. Simameni, mkajinyooshe, mikeka mnaijua...

Nani anaimba?

Mapenzi, ni wewe? Hebu acha kwanza. Acha, mwanangu. Nani kakufundisha huo? Mimi nimesimulia yote, lakini huo unaopanda, wa kuita, sikuuimba, wala babu yenu hakuwahi kuuimba katika nyumba hii. Umeusikia lini? Leo? Ulipokuwa umelala mchana?

Hapana, silii. Rudini. Kaeni chini wote. Kambi, mshike mkono mwenzio. Katika nyumba hii mtoto hapelekwi kulala wimbo ukiwa katikati. Upo mwingine, unashuka, babu yenu alinifundisha neno kwa neno. Nifuateni polepole, na msiuache mpaka niuache mimi.

Haya.

Vizuri. Tena mara moja, kwa ajili ya Mapenzi.

Sasa umekwisha. Pumua, mwanangu, nikusikie. Hivyo. Tena. Laleni. Mimi nipo, nitakaa hapa mlangoni.